Kiraka Kilichoishia Njiani

Katika ploti nyingi za Kawangware, jijini Nairobi, mpangaji akihama humwachia keateka ufunguo, na keateka humpa mpangaji mpya ufunguo uleule wa kufuli lileile. Kufuli jipya ni gharama, na wa kuilipa hajulikani. Kwa kawaida hakuna linaloharibika. Lakini kama aliyehama aliwahi kuchongesha ufunguo wa pili kwa fundi wa kando ya barabara, bado anayo njia ya kuingia chumba kisicho chake tena. Hana haja ya kuvunja mlango. Anafungua polepole, mchana kweupe, na jirani akimwona anamsalimu, kwa kuwa sura yake anaifahamu.

Kompyuta nazo zina kosa la namna hiyo, na ni miongoni mwa yale yanayoogopwa zaidi katika kerneli. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, programu iliyo chini ya programu zote, ndiyo inayogawa kumbukumbu ya simu kama mwenye ploti anavyogawa vyumba. Programu ikiomba nafasi hupewa. Ikimaliza, nafasi hurudishwa na kupewa nyingine. Balaa huanza pale sehemu moja ya kerneli inapobaki na anwani ya nafasi iliyokwisha kurudishwa. Mtu mjanja anaweza kupanga mambo ili chumba kile kijae vitu vyake mwenyewe, kisha akangoja kerneli iingie kwa ufunguo wa zamani na kuviamini. Ikishaviamini, simu ni yake: jumbe, picha, maikrofoni, vyote. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takribani asilimia 70 ya udhaifu wa kiusalama inaouziba kila mwaka unatokana na makosa ya kumbukumbu, na hili la ufunguo wa zamani ni mojawapo.

Kulinasa ni kazi ngumu kwa sababu mara nyingi halina kelele. Kerneli inasoma kitu kisicho chake, inaendelea na safari, na kishindo kikija kusikika kinasikika mbali na pale ilipoteleza. Ndiyo maana mwaka 2015 kerneli ya Linux ilipokea chombo kiitwacho KASAN. Kwa kila baiti 8 za kumbukumbu, KASAN hutenga baiti 1 ya kivuli, inayoeleza kama zile 8 zinaruhusiwa kuguswa. Nafasi ikirudishwa, kivuli chake hutiwa alama ya sumu, na nafasi yenyewe huwekwa karantini kwa muda badala ya kupewa mwingine papo hapo. Ni kama keateka aliyeamua kukiacha chumba kitupu wiki mbili tatu, akakaa kwenye stuli karibu na mlango aone nani atakuja na ufunguo wa kale.

Kivuli hicho ni ramani ya kumbukumbu, na thamani ya ramani Kibera inaijua kuliko mitaa mingi. Hadi mwaka 2009 ramani zilizokuwa zikitumika ziliuonyesha mtaa huo kama pengo tu, ndipo vijana wake wakazunguka vijiji 13 na vifaa vya GPS wakichora vichochoro, vyoo, shule na zahanati katika mradi wa Map Kibera. Ila ramani haitoshi kuchorwa mara moja. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na nyumba, makanisa na shule zikawa kifusi. Aliyeshika ramani ya Juni angefika penye mlango na kukuta udongo. KASAN huifanya kazi ya kufuta na kuchora upya kila nafasi inapotolewa na kila inaporudishwa, na kwa sababu hiyo huifanya mashine iwe nzito kiasi kwamba hutumika maabara, si kwenye simu ya mtu anayewahi matatu ya 46.

Maabara nayo inahitaji mtu wa kuipiga mashine misukosuko. Katika Google, mhandisi Dmitry Vyukov alianzisha syzkaller, programu inayoirushia kerneli maombi ya ovyo usiku na mchana ili kuona lipi litaiangusha. Kutoka hapo ikaja syzbot, roboti inayokusanya maanguko hayo na kuwatumia taarifa wahandisi. Novemba 2017 syzbot ilileta taarifa ya kosa la ufunguo wa zamani ndani ya Binder, sehemu ya kerneli ya Android inayopitisha ujumbe kati ya programu na programu. Februari 2018 kiraka kilikuwa kimeshonwa na kuingizwa katika Linux 4.14 na katika baadhi ya matawi ya kerneli ambayo Android huyatumia.

Hadithi ingeishia hapo, na ingekuwa nzuri: mashine imeona, mtu amerekebisha, miezi mitatu tu. Kumbe kiraka hakikupewa namba ya CVE, ile inayotumika duniani kote kama cheti cha kuzaliwa cha hitilafu, na simu nyingi zilizokuwa tayari mikononi mwa watu hazikukipata. Septemba 2019 Maddie Stone, mtafiti wa kikosi cha Project Zero cha Google, alifuatilia fununu kwamba kuna silaha ya kijasusi inayotumia kosa fulani la Binder, na fununu hiyo ilikuwa ikihusishwa na kampuni ya NSO ya Israeli, ambayo ilikana. Alilolikuta ni lilelile la Novemba 2017. Orodha ya simu alizoziona ziko hatarini ilikuwa na Huawei P20, Samsung S7, S8 na S9, Xiaomi Redmi 5A, na juu kabisa Pixel 2, simu ya Google yenyewe. Nyumba ilikofuliwa roboti ndiko kulikokuwa na mlango wazi. Oktoba 2019 kiraka kilitangazwa rasmi, na Januari mwaka uliofuata kampuni ya Trend Micro ikaeleza kwamba programu 3 zilizokuwa ndani ya duka la Google Play zililitumia kosa hilohilo.

Je, katika miaka hiyo karibu miwili, aliyejua ni nani?

Jibu la haraka ni kwamba wote walijua, kwa kuwa taarifa ilikuwa wazi kwa yeyote wa kuisoma. Ila kujua si kuwepo kwa taarifa mahali. Roboti iliandika, lakini haijui maana ya mama wa Gatwekera, Kibera, kukopa simu na kuwekea humo akiba ya chama. Mhandisi aliyeshona kiraka alijua kosa, hakujua liko kwenye simu zipi. Kiwanda kilijua simu zake, hakikuona namba ya CVE ya kukishtua. Mwenye simu alijua skrini imepasuka. Ukivijumlisha vipande vyote vya maarifa, vinatosha. Ukimtafuta mmoja aliyekuwa navyo pamoja, hayupo.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa ukuta wa udongo wameshamaliza maneno. Methali hiyo hata hivyo ina dhana yake ya kimyakimya: kwamba anayeuona ufa, mwenye nyumba na mwenye udongo wa kuzibia ni mtu mmoja. Kwenye simu ya Kawangware hao ni watu watatu, katika mabara matatu, wasiosalimiana.

Maadili ya lawama ya mtu mmoja mmoja hukwama papo hapo. Muumini Mkatoliki anapoungama mwanzoni mwa misa hutaja pia wajibu aliouacha, siyo alilolitenda peke yake, na mafundisho hayo yana mizizi mirefu. Karne ya 13 Thomas Aquinas alifundisha kuwa kuacha tendo ni dhambi pale tu tendo hilo linapokuwa deni la mhusika. Kutofanya jema fulani si kosa mpaka liwe linakuhusu. Ni fundisho la busara, bila hilo kila mtu angekuwa na hatia ya kila kitu. Lakini liweke mbele ya mnyororo wa Binder, kila kiungo kitasimama na kusema kwa haki: halikuwa deni langu. Hatia inagawanywa hadi inaisha, na kosa linabaki zima.

Msikitini Makina, katika Kibera iliyoanzishwa na askari wa Kinubi zaidi ya karne moja iliyopita, kuna namna nyingine ya kuhesabu. Elimu ya sheria ya Kiislamu hutenga wajibu wa kila mtu, kama sala tano, na wajibu wa umma, unaoitwa faradhi ya kutosheleza. Mfano wake wa kila siku ni maiti. Wakitokea wachache wakamwosha, wakamvisha sanda, wakamsalia na kumzika, mtaa mzima umetuliwa mzigo. Asipotokea mtu, dhambi haigawanywi: kila aliyekuwa na uwezo anaibeba nzima. Al-Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111, aliutanua wajibu huo hadi kwenye uganga, hesabu, kilimo na ufumaji, akalalamika kwamba wanafunzi wanasongamana kwenye fiqhi ilhali miji mingi haina tabibu Mwislamu. Anayeweza kuhesabu ushonaji wa nguo kuwa wajibu wa umma asingeshindwa kuhesabu ushonaji wa viraka vya kerneli.

Ukilitazama kwa jicho hilo, kosa la Binder lilikuwa jeneza lililopambwa na kuachwa njia panda. Kaburi lilikuwa limechimbwa Februari 2018. Waliochimba walifanya kazi safi, na hakuna sababu ya kuwabeza. Ila wajibu haukuwa kuchimba, ulikuwa kuzika, nao hauondoki mabegani mwa watu kwa sababu hatua ya tatu kati ya nne imekwenda vizuri. Mwaka 1999 mwanaprogramu Eric Raymond alieneza wazo kwamba macho yakiwa mengi, hakuna hitilafu itakayojificha. Sasa macho ni mengi kuliko alivyowaza, na mengi hayalali kwa kuwa ni ya mashine. Kilichopungua ni mabega.

Wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya sheria ya Kiislamu, waliliona pingamizi mapema. Walijiuliza: vipi mtu akidhani wengine wameshamzika? Baadhi yao, Fakhruddin al-Razi miongoni mwao, waliufunga wajibu huu na dhana yenye nguvu. Aliye na sababu madhubuti ya kuamini kazi imefanywa hana lawama. Aliye na sababu ya kushuku, mzigo bado wake. Hapa ndipo kiwanda cha simu hubanwa. Kiwanda kinachouza mashine yenye kerneli ya miaka kadhaa nyuma hakiwezi kudai dhana yenye nguvu kwamba mtu mwingine ameshaitia viraka, kwa sababu hakuna mwingine mwenye ufunguo wa kuifanya kazi hiyo. Muuzaji wa simu za ex-UK, zilizokwisha kutumika Uingereza, ana udhuru kidogo. Mnunuzi anao udhuru wote, na ndiye anayelipa gharama.

Wahandisi wa Google wameshaiandika Binder upya kwa Rust, lugha inayokataa mapema programu yenye ufunguo wa aina ile. Tangu Pixel 8 ya mwaka 2023 zipo simu ambazo chipu zake zenyewe zinaweza kubandika lebo kwenye kila kipande cha kumbukumbu na kukataa anwani isiyolingana nayo. Ni habari njema inayoanzia upande wa Lavington, mtaa wa wenye nacho, na kushuka taratibu kuelekea Kawangware, ng'ambo tu ya barabara, kwa mwendo wa simu zinavyochakaa na kuuzwa.

Tuseme Redmi 5A imeletwa kibandani karibu na soko, kioo kimevunjika kwenye kona. Fundi anaipasha joto, anaingiza kadi nyembamba ya plastiki chini ya kioo, anakiinua, anafuta gundi kwa pamba yenye spiriti, anabandika kipya na kukikandamiza kwa vidole gumba. Anaiwasha kuhakikisha mguso unashika. Akifungua Mipangilio na kuteremka hadi Kuhusu simu, kuna mstari wenye tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni kabla ya tarehe 6 Oktoba 2019, chumba bado kina kufuli la zamani. Fundi hakuulizwa habari ya mstari huo. Mteja anaigeuza simu juani aone kama kioo kimekaa sawa, anaingiza namba ya till, anaandika PIN yake, na ujumbe wa M-PESA unaingia kwenye simu zote mbili.