Shukrani ya Aliyehudumiwa, Je, Ndiyo Kipimo cha Huduma?

Yako maswali ambayo tukiyasikia mara ya kwanza twadhani jibu lake ni jepesi, lakini tukiyainua twaona uzito wake. Swali la leo ni mojawapo. Twauliza: mtu akihudumiwa kwa fedha ya watu wote, ni nani mwenye haki ya kusema kama amehudumiwa vema? Ni yeye mwenyewe? Au ni wale waliotoa kodi? Au ni matokeo yatakayoonekana baadaye, hata kama yeye hayatambui? Wengi watajibu upesi, “Ni yeye mwenyewe, maana ndiye aliyeyapata.” Wengine nao watajibu upesi vilevile, “La, mgonjwa hahukumu dawa.” Sisi twaona ya kuwa majibu hayo mawili kila moja lina kweli yake na upungufu wake, na tusipoyapambanua twaweza kuwadhulumu watu huku tukidhani twawaheshimu.

Ili tusibishane juu ya maneno matupu, na tutwae mfano ulio wazi, nao ni wa nchi ya Marekani. Mwaka 1933, wakati wa dhiki kuu, ambapo karibu mtu mmoja katika kila wafanya kazi wanne alikuwa hana kazi, serikali ya nchi ile ilitunga sheria ya kueneza ofisi za kazi, ili mtu atafutaye kazi na mtu atafutaye wafanya kazi wapate kukutana bila malipo. Baadaye zikaja sheria za kuwafundisha kazi watu wasio na ujuzi: ya mwaka 1962, ya mwaka 1973, ya mwaka 1982, na ya mwaka 1998. Zote zilitumia fedha ya kodi. Kwa hiyo kila mara watu waliuliza, na ni haki yao kuuliza, kama fedha hiyo ilizaa matunda.

Sheria ya mwaka 1998 iliongeza jambo ambalo zile za kwanza hazikuliweka hivyo. Iliagiza kwamba pamoja na kuhesabu waliopata kazi na mishahara yao, kila jimbo lipime pia jinsi wahudumiwa walivyoridhika: wanafunzi na watafutao kazi upande mmoja, na wenye kuajiri upande wa pili. Kipimo kilichotumiwa kilitoka katika mambo ya biashara. Kilianza mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Michigan, kwa kuwauliza watu juu ya vitu walivyonunua na makampuni waliyoyatumia. Maswali yake ni matatu tu: Umeridhika kiasi gani kwa jumla? Huduma ilifikia kiasi gani yale uliyoyatazamia? Nayo yakaribia kiasi gani huduma iliyo kamili kama uionavyo moyoni? Kila swali lajibiwa kwa namba, toka 1 mpaka 10, kisha majibu huunganishwa yakawa namba moja kati ya 0 na 100.

Kwanza tuseme lililo jema katika jambo hili. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkuu aketiye mbali na kituo husoma katika daftari ya kwamba watu kadhaa waliingia na kadhaa wakatoka. Daftari haimwambii kwamba mama mmoja alisimama mlangoni toka asubuhi hata adhuhuri, au kwamba karani alimsemesha mzee kama mtoto, au kwamba mashine ya kujifunzia ilikuwa mbovu na mwalimu akafundisha kwa kuchora ubaoni tu. Mambo hayo ayajuaye ni yule aliyekuwapo. Tena, kumwuliza mtu ni kumkiri kuwa ni mtu. Asiyeulizwa neno hufanywa kama gunia la mahindi: hupimwa, huandikwa, hupelekwa. Basi kama sheria ile ilitaka watu waulizwe, katika hilo hatuna la kulaumu.

Lakini shida ya kwanza yaonekana mara tukilitazama neno lenyewe la mnunuzi. Mnunuzi ana fedha mkononi. Akichukizwa na duka hili huvuka njia na kuingia duka la pili, na mwenye duka la kwanza huhisi hasara siku ile ile. Mtu asiye na kazi hana fedha mkononi, na mara nyingi hana duka la pili. Amekuja kwa sababu ya haja, naye ajua ya kuwa anayemhudumia ana uwezo juu yake. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo kama ameridhika, huenda akajibu kwa adabu, au kwa hofu, au kwa shukrani ya kupokelewa tu. Maneno ni yale yale ya mnunuzi, lakini hayana nguvu ile ile. Kumwita mnunuzi hakumpi uwezo wa mnunuzi.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Swali la kama mafunzo yamemfaidi mtu ni swali la kulinganisha mambo mawili: yale yaliyompata, na yale ambayo yangalimpata kama asingalifundishwa. Hayo ya pili hakuna ayaonaye, hata mwenyewe. Mwaka 1978 mtaalamu wa uchumi Orley Ashenfelter alionyesha ya kuwa watu huingia katika mafunzo aghalabu wakati mapato yao yameshuka sana, pengine wamefukuzwa kazi siku si nyingi. Mtu aliyeanguka hivyo, mara nyingi angaliinuka kidogo hata bila kufundishwa. Akiinuka baada ya mafunzo, yeye husema, “Mafunzo yameniinua,” na mwalimu husema vivyo hivyo, nao wote wawili husema kwa moyo safi.

Ili kuijua kweli, serikali ya Marekani ilifanya jaribio juu ya sheria ya mwaka 1982. Katika miji na wilaya 16, watu wapatao 20,000 walioomba mafunzo waligawanywa kwa kura: kiasi cha theluthi mbili waliruhusiwa, na theluthi moja walizuiliwa kwa muda. Kwa kuwa kura haichagui mwerevu wala mvivu, tofauti iliyotokea baadaye kati ya makundi hayo ndiyo kazi ya mafunzo yenyewe. Ikaonekana ya kuwa watu wazima walipata faida, ingawa si kubwa, na vijana hawakupata faida iliyoonekana. Kisha wataalamu watatu, Jeffrey Smith, Alexander Whalley na Nathaniel Wilcox, wakalinganisha matokeo hayo na maneno ya wanafunzi wenyewe, waliokuwa wameulizwa kama mafunzo yaliwasaidia. Wakakuta ya kuwa majibu ya watu na faida iliyopimwa havikufuatana sana. Watu walikuwa wakitazama hali yao ya sasa, au wakilinganisha jana na leo. Hawakusema uongo, waliulizwa neno ambalo mtu hana macho ya kuliona.

Shida ya tatu yatokana na matazamio. Angalieni tena yale maswali matatu: la pili lauliza juu ya matazamio, na la tatu juu ya ukamilifu kama mtu auonavyo moyoni. Lakini mzoea punda hapandi farasi. Aliyezoea kudharauliwa katika kila ofisi, siku apewapo kiti na salamu atatoa 9, ingawa hakufundishwa kitu. Aliyekuwa fundi mkuu katika kiwanda kilichofungwa, ajuaye mafunzo mema yalivyo, atatoa 4 kwa mafunzo yale yale. Mtaalamu Amartya Sen ametuonya mara nyingi ya kuwa watu wa dhiki hujifunza kutaka kidogo, ili wasiumie kila siku. Kwa hiyo kuridhika kwao si ushahidi wa kwamba wametendewa haki. Tukipima kwa kuridhika peke yake, njia rahisi ya kupata namba kubwa ni kuwahudumia wale waliozoea kutotazamia neno.

Shida ya nne ni ya watumishi wenyewe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mgema akilipwa kwa sifa, hutafuta wanywaji wepesi wa kusifu. Chini ya sheria ya mwaka 1998 jimbo lililoshindwa kufikia vipimo miaka miwili mfululizo liliweza kupunguziwa fungu lake la fedha hata 5 katika 100. Hata kabla ya hapo, chini ya sheria ya mwaka 1982, wataalamu kama James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, walichunguza jambo la vituo kuchagua wale waliokuwa karibu kupata kazi hata bila msaada, kwa kuwa hao hupendeza hesabu. Wenye shida nyingi ndio wanaoiharibu. Vivyo hivyo na kipimo cha kuridhika. Fikirini karani mmoja mwaminifu amwambiaye kijana, “Kazi hii uitakayo haina nafasi katika mji huu; jifunze nyingine.” Kijana huondoka na uchungu, na karani hupata namba ndogo. Karani wa pili amwambia, “Vema, jiandikishe,” naye hupata namba kubwa. Ni nani aliyempenda kijana?

Tena wako wahudumiwa wa namna mbili, na haja zao hazifanani siku zote. Mwenye kuajiri hufurahi akiletewa watu wengi upesi, nao wakikubali mshahara mdogo. Mfanya kazi hufurahi akipata nafasi ya kuchagua. Furaha ya mmoja pengine ni huzuni ya mwenziwe, na namba iwajumlishayo wote wawili ingekuwa haimwelezi hata mmoja.

Mwaka 2014 sheria nyingine ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1998. Vipimo vyake vikuu ni sita. Vyauliza kama mtu yu kazini katika robo ya pili ya mwaka tangu alipotoka, na tena katika robo ya nne, mshahara wake, cheti alichopata, ujuzi alioongeza, na jinsi wenye kuajiri walivyofaidiwa. Hicho cha mwisho, kwa kanuni ya mwaka 2024, hutazamwa kwa kuangalia kama mfanya kazi amedumu kwa mwajiri yule yule. Kuridhika kwa mhudumiwa hakumo katika hivyo sita, ingawa maoni ya watu hutazamwa bado katika kuvikagua vituo.

Je, walifanya vema? Sisi twaona walifanya nusu ya vema. Ni kweli ya kuwa kazi na mshahara vyahesabika kwa hakika kuliko moyo wa mtu. Lakini mtu aweza kupata kazi baada ya kuvunjwa heshima yake, na daftari ya mishahara haitaonyesha kovu. Kumtendea mtu kwa dharau ni ubaya wenyewe, hata kama mwisho wake una faida. Hauhitaji kungoja robo ya pili ya mwaka ndipo ujulikane.

Basi neno letu ni hili. Anayewahudumia watu kwa fedha ya wote ana deni mbili. Deni la kwanza ni heshima: kumpokea mtu, kumsikiliza, kumwambia kweli, kutompotezea siku zake. Katika deni hili mhudumiwa ndiye hakimu, wala hapana mwingine awezaye kuhukumu mahali pake. Deni la pili ni faida: kwamba mafunzo yaongeze kitu ambacho kisingalikuwapo. Katika deni hili mhudumiwa ni shahidi, tena shahidi wa maana, lakini si hakimu; hukumu hutoka katika kulinganisha kwa makini na kwa miaka. Kosa la kipimo kile cha namba moja ni kwamba kilizitia deni mbili katika mfuko mmoja, hata mtu asijue ni ipi iliyolipwa.

Lakini tujihadhari. Wako watu wenye kiburi ambao tangu zamani wamesema, “Hawa hawajui lililo jema kwao,” na kwa neno hilo wakawatawala wenzao wapendavyo. Sisi hatusemi hivyo. Yule asemaye kwamba mafunzo yamemfaidi mtu, na awaonyeshe watu hesabu yake waziwazi, hata mwenyewe aliyefundishwa apate kuitazama na kuihoji. Na yule aulizaye watu, aulize yale waliyoyaona: Ulingoja muda gani? Ulifundishwa na nani, kwa vyombo gani? Uliambiwa kweli juu ya kazi zilizopo? Tena asiwaulize waliomaliza tu. Awatafute walioacha katikati, na waliorudishwa mlangoni, maana ukimya wao nao ni jibu. Wala mkate wa mtumishi usifungwe katika sifa atakazopewa. Na mtu aliyejibu apaswa kuambiwa ni nini kilichobadilika kwa jibu lake. Asiyeambiwa, safari ya pili hatajibu, au atajibu ili aachwe aende zake.

Jambo hili si la Marekani tu. Mwalimu, muuguzi, karani, na kila mwenye kuwapokea watu penye meza ajua utamu wa kushukuriwa. Shukrani ni njema, nasi hatuikatai. Lakini aliyeshukuriwa na ajiulize hivi: mtu huyu anishukuru kwa sababu nimemlipa deni zote mbili, au kwa sababu hajapata kuona mtu aliyemlipa hata moja?