Turbo Isiyo na Siri
Mazda MX-5 ilipotoka mwaka 1989, injini yake ya lita 1.6 haikuwa na turbo. Huko Marekani na Uingereza wapo waume wanaoifunga wenyewe nyumbani. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, ikashindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikiongezwa bila petroli ya kutosha, pistoni huweza kuyeyuka.

Je, mume akimficha mkewe gharama hiyo, amekosa, hata ikiwa ni jasho lake? Naam. Siku ya ndoa mliunganisha na mifuko. Karo na unga hutoka humo humo. Baba, onyesha risiti kabla ya kununua. Nawe mama, msikilize kwanza. Anayekemewa kila mara hujifunza kuficha.