Mali ya Kaisari na Mali ya Mungu

Siku moja Mafarisayo walimtegea Bwana wetu Yezu Kristu mtego kwa habari ya kodi. Yeye akataka aonyeshwe fedha, akauliza sanamu iliyo juu yake ni ya nani. Wakajibu, ni ya Kaisari. Ndipo akawaagiza wamrudishie Kaisari mali yake, na Mungu mali yake. Fedha ina sura ya Kaisari. Na mtu je, ana sura ya nani? Kila mkatekumeno amekwisha kufundishwa kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake. Basi mfalme aweza kudai fedha; roho hawezi kuidai.

Wazee wa Kasongo na Kabambare waliujua ukali wa serikali. Tangu mwaka 1917 Wabelgiji walianza kuwalazimisha watu wa Maniema kulima pamba. Kampuni ndiyo iliyoinunua, kwa bei waliyoipanga wakubwa, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kumwuzia mwingine. Aliyekataa alifungwa au alipigwa fimbo. Mwaka 1942, wakati wa vita, siku za kazi ya lazima ziliongezwa toka 60 hata 120 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa dhuluma, wala isipewe jina jingine.

Je, mkristu aliyeilima pamba ile alitenda dhambi? Hapana, dhambi ilikuwa ya aliyemdhulumu. Mtu aweza kuvumilia hasara yake mwenyewe, hasa akiwa na watoto watakaolala njaa akifungwa. Aweza pia kudai haki yake mbele ya wakubwa, wala hamkosei Mungu. Lakini kapita aliyemwonea jirani yake hawezi kujitetea kwamba alitumwa tu. Fimbo ilikuwa mkononi mwake.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walitawala Maniema na nchi kubwa ya mashariki ya Kongo. Huko Isiro, mbali upande wa kaskazini, kanali wao mmoja alimtaka Sista Anuarite Nengapeta awe mke wake. Yeye alikuwa amemwekea Mungu nadhiri, akakataa. Hapakuwa na hakimu wa kumkimbilia. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba aliuawa, naye akamsamehe aliyemwua. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa.

Wengi hudhani njia ni mbili tu, kutii yote au kushika silaha. Anuarite hakutii, wala hakushika silaha.

Sultani akidai kodi ya halali, mkatekumeno ailipe. Akimwagiza aende barazani kumshuhudia jirani uongo ili anyang'anywe shamba, akatae kwa heshima, amejitayarisha kwa yatakayofuata. Tena amwambie mkewe mapema, usiku ule ule, maana yeye naye atayapata.