Mapenzi na Ishara

Mkulima wa tumbaku wa Ushetu anayejiuliza kama aliache shamba aende machimboni Geita, hakosi wa kumwambia: mwombe Mungu, atakuonyesha. Atamwonyesha kwa kipi? Mababu wa Kisukuma na Kinyamwezi walimpeleka kuku kwa mfumu, akapasuliwa, yakasomwa matumbo. Gideoni alitandika ngozi ya kondoo, akangoja umande. Mitume walipiga kura, ikamwangukia Mathiya. Baada ya Pentekoste, Agano Jipya halisimulii tena waumini kuchagua kwa kura.

Nadhani haikuachwa bure. Mwamba ukitoa dhahabu, husemwa Mungu ametaka. Shimo likifukia watu, husemwa vivyo hivyo. Mapenzi yanayokubali kila tokeo hayamwongozi mtu alfajiri, kabla hajafunga mzigo wake.

Paulo aliwataka Warumi wageuzwe nia zao, ndipo wapambanue. Kupambanua ni kazi ya akili. Na hapa Kiswahili kimetupa msaada ambao neno la Kiyunani halina: kwetu mapenzi ni matakwa, na ni huba pia. (Ndugu zangu wa pwani wenye istikhara yao wataniwia radhi, najua nao hutaka ushauri wa watu pamoja na sala.) Basi nani atachuma majani na kukesha na moto wa bani, mume akishaondoka? Deni la pembejeo katika chama cha msingi atalipa nani? Yuko ajuaye majibu, naye yu jikoni. Hajaulizwa.