Stoo ya Jikoni na Tawakali

Je, kujaza stoo ya jikoni ni kupungukiwa na tawakali? Wanaojibu ndiyo huitaja mana ya jangwani, iliyoingia funza na kunuka ilipolazwa hadi asubuhi. Lakini Yusufu, anayeheshimiwa katika Biblia na Kurani, alielekeza akiba ya miaka saba. Kurani inaongeza kwamba alishauri nafaka iachwe katika masuke yake, na huo ni utaalamu wa ghala. Basi kosa haliko katika kuweka, liko katika kuweka na kusahau. Unga wa dona, kwa kuwa umebaki na kiini chenye mafuta, huharibika mapema kuliko sembe. Ukisukumwa nyuma ya mfuko mpya, hakuna atakayeula wala atakayepewa.

Atatokea wa kusema kwamba kupanga rafu ni anasa ya wenye nacho. Sikubali hata kidogo. Mwenye kilo mbili tu za maharage ndiye anayeumia zaidi fukusi wakiingia. Anachohitaji ni ndoo yenye mfuniko unaobana, cha zamani kikae mbele na kipya nyuma, ili akifungua mlango ajue papo hapo kama kuna kibaba cha kumpimia jirani.