Simu ya Mzazi na Haki ya Mzazi

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia wazazi wa kutulea tulipokuwa hatujiwezi, na tunamuombea rehema na amani Mtume wake Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu tuliulizwa suala ambalo kwa dhahiri ni la dukani, lakini ndani yake mna haki kubwa. Muulizaji alitaka kujua: mtu anapomnunulia simu janja ya kwanza mzazi wake aliyekwisha kuwa mtu mzima, achague ya namna gani? Wako waliocheka, wakasema suala hili waulizwe wauza simu. Sisi hatukuona la kucheka, kwa sababu ya mambo tuliyoyashuhudia kwa macho yetu katika nchi ya Kisii na Nyamira, nayo ndiyo tutakayoyaeleza.

Yuko ndugu yetu mmoja, asili yake ni Mgusii wa kaunti ya Nyamira, aliyekuja Mombasa kutafuta riziki, akasilimu, akaoa, akawa mmoja katika wahudhuriaji wa darsa yetu. Mamake yu hai huko kwao, wala hajasilimu. Siku za mwanzo palikuwa na maneno baina yao kwa sababu ya dini, kisha yakapoa. Wakawa wakizungumza kila Ijumaa jioni kwa simu ndogo ya vitufe, ile ambayo watu huiita kabambe.

Mwana alipopata nafasi akamnunulia mamake simu janja ya bei kubwa, akaipeleka kwa basi. Mpwawe akaipokea, akaitoa laini katika simu ya zamani akaitia katika mpya, na ile ya zamani akaichukua yeye. Tangu siku ile mama hakuonekana kupokea simu tena. Mwana hupiga, simu hulia mpaka ikanyamaza. Miezi mitatu ikapita, na habari za kuwa mama yu mzima alizipata kwa majirani. Basi Shetani akapata mlango, akamtia moyoni kwamba mama amemkata kwa ajili ya dini yake. Akatujia na hasira na machozi, akauliza: "Sheikh, mzazi akimkata mwanawe kwa sababu ya Uislamu, je, mwana naye yafaa amkate?"

Tukamjibu: La, haifai. Katika Surat Luqman, Mwenyezi Mungu ametukataza kuwatii wazazi wakitushurutisha tumshirikishe, na papo hapo akatuamrisha tukae nao kwa wema duniani. Na Bibi Asma binti Abubakar (r.a.), mamake alipomjia Madina hali ya kuwa bado ni mshirikina, alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, naye akamuamrisha amuunge mamake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kisha tukamwambia: "Tena wewe hujamsikia mamako akisema neno. Umesikia simu ikilia tu. Twende tukamuulize mwenyewe."

Kutoka Mombasa hata Kisii ni kilomita zipatazo 800. Tulifika alfajiri, tukasali mjini, kisha tukapanda vilima vya migomba na majani chai mpaka Kebirigo, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu. Mama alipomwona mwanawe alimshika mikono yote miwili, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mwanangu, mbona uliacha kunipigia katika ile simu yangu? Hii uliyoleta yalia, naibonyeza, nayo hainisikii."

Mwana akainamisha uso. Tukamwambia apige pale pale. Simu ikalia; mama akaitoa katika kitambaa alichoifungia, akaweka kidole juu ya alama ya kijani, akabonyeza kwa nguvu kama abonyezavyo kitufe. Simu ikaendelea kulia. Akabonyeza tena. Ikanyamaza. Hapo ndipo tulipofahamu. Katika simu ya vitufe mtu hubonyeza mara moja, lakini katika hii ilitakiwa alama ile iburutwe kwa kidole, na hapana aliyemwonyesha. Zaidi ya hayo, mikono yake ni mikono ya jembe na ya kuchuma majani chai. Kioo cha simu hizi hakihisi nguvu ya kidole. Huhisi umeme mdogo wa mwili kwa njia ya ngozi, na ngozi iliyo kavu na ngumu mara nyingi haihisiwi sawasawa.

Basi tazameni, ndugu zangu. Miezi mitatu mama adhani mwana amemwacha, na mwana adhani mama amemkata, na baina yao hapana ila kipande cha kioo. Na tulikuta jambo jingine. Katika simu ya zamani mama alikuwa akitazama mwenyewe pesa zake za M-Pesa, kwani alikwisha kuzoea vile vitufe. Baada ya kuletewa hii mpya hakuweza tena, akampa kijana wa jirani namba yake ya siri. Hatumtuhumu kijana yule, lakini mama hakujua kilichoingia wala kilichotoka. Alikuwa mwenye mali yake, akawa muombaji wa habari za mali yake. Zawadi iliyotolewa kwa wema ilimpunguzia uhuru aliokuwa nao.

Kutokana na hayo twasema: kumtendea mzazi wema si kumpa kilicho bora machoni pa mtoaji. Ni kumpa kile ambacho mzazi mwenyewe aweza kukitumia pasipo kumtegemea mtu. Simu ya bei ndogo anayoipokea mwenyewe ni bora kuliko ya bei kubwa inayolala katika kitambaa. Kesho yake tulishuka na mama mpaka Kisii mjini, tukaingia dukani pamoja naye, na haya ndiyo tuliyoyazingatia.

Kwanza, mama ndiye aliyechagua. Kila simu tuliipiga pale pale, naye akaipokea kwa mkono wake na kusikiliza kwa sikio lake. Asiyoweza kuipokea tuliiacha, hata ikiwa nzuri namna gani. Wala tusimnunulie mzazi simu kwa kuagiza tu, naye hajaishika.

Pili, tuliangalia sauti na maandishi. Simu janja zote zina mahali pa kukuza herufi, na nyingi zina lugha ya Kiswahili. Tukaondoa picha zote katika uso wa kwanza, tukabakisha nne: ya kupiga simu, ya WhatsApp, ya redio na ya tochi. Majina ya watu wake tukayatilia picha za nyuso zao, ili asiyeweza kusoma jina autambue uso.

Tatu, tuliangalia betri na nafasi ya kuwekea mambo. Betri ya kipimo cha 5,000 yatosha siku nzima na zaidi kwa mtu asiyetumia sana. Ama nafasi, simu nyingi za bei ndogo zina gigabaiti 32 tu, na picha za WhatsApp huijaza upesi. Basi tukaizuia isihifadhi picha zenyewe. Na mwenye kununua mtumba ajihadhari, kwa kuwa WhatsApp huacha kufanya kazi katika simu zenye mfumo wa kale.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuliirudisha ile kabambe kwa mpwa, tukatia laini ya mama ndani yake kama ilivyokuwa. M-Pesa, tangu ilipoanzishwa mwaka 2007, haihitaji simu janja wala intaneti. Pesa zake zikabaki katika vitufe avijuavyo, akabadilisha namba ya siri, na hakumwambia mtu, hata mwanawe. Katika simu mpya tukatia laini ya pili, iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Mwana alisema: "Lakini mimi ni mwanawe, nifichwe nini?" Tukamwambia: Mali ni yake. Nawe ukiwa mwaminifu, hutapungukiwa na kitu kwa kutoijua siri hiyo.

Tano, tulimfundisha jambo moja tu siku ile, nalo ni kupokea. Siku ya pili tukamfundisha kutuma ujumbe wa sauti, ambao hauhitaji herufi wala kalamu. Akasema maneno yake kwa Ekegusii, na mwanawe akayasikia akiwa nje ya nyumba. Mama alicheka sana.

Tukamuusia pia juu ya matapeli. Akipigiwa na mtu asemaye kwamba ametuma pesa kwa makosa naye ataka arudishiwe, asitume kitu, kwani hiyo ni hila mashuhuri. Atazame kwanza salio lake, kisha amwambie mtu huyo afuate njia ya kampuni: pesa za M-Pesa zilizokosewa, aliyezituma ndiye hupeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456. Nasi tumeamrishwa katika Surat Al-Hujurat tuichunguze khabari kabla ya kuifuata. Basi hili ni katika uchunguzi huo.

Imebaki masuala mawili. La kwanza ni kununua simu kwa kulipa kidogo kidogo. Safaricom ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, wa kulipa kuanzia shilingi 20 kwa siku, na wauzaji wengine nao wana mipango yao. Wanavyuoni walio wengi wameruhusu kuuza kwa bei ya muda iliyo kubwa kuliko ya taslimu, maadamu bei ni moja, yajulikana, na imekubaliwa wakati wa kuuziana. Lakini deni likiongezwa kwa sababu ya kuchelewa, hiyo ni riba, na wema kwa mzazi haujengwi juu ya riba. Basi uliza sharti hiyo kabla ya kutia sahihi. Na uwezo ukiwa mdogo, lipa taslimu ya bei ndogo: simu zilizounganishwa hapa kwetu Athi River zilipotolewa mwaka 2023, bei zake zilianzia shilingi 7,499.

La pili ni la wale wasemao: "Mzee wa miaka sabini ana haja gani na simu janja? Hii ni fitna tu." Jawabu yetu ni kuwa chombo hufuata hukumu ya makusudio yake. Kijana aitumiaye kwa upuuzi ni mwenye kulaumiwa, na mama anayemwona mjukuu wake wa Mombasa ambaye hajapata kumshika mkononi, huyo hakufanya ila kuunga udugu. Ikiwa mzazi mwenyewe haitaki, aachwe na kabambe yake, wala asilazimishwe.

Nanyi mlio hapa pwani msidhani kwamba khabari hii ni ya Nyamira tu. Wazazi wetu wako Siyu na Vanga, na wana wao wako Mombasa, Nairobi na Maskati. Wangapi kati yetu wametuma simu wakadhani wamelipa haki? Simu ni daraja, na daraja hujengwa ili watu wavuke. Tulipokuwa tukiagana, mama alimwambia mwanawe: "Sasa najua kuipokea. Lakini usije ukafanya uso wa kwenye kioo ndio uso wako." Mwana akamuahidi kurudi kabla ya mwaka kwisha, naye amekwisha kata tikiti.

Basi mwenye mzazi aliye hai asingoje. Ampigie leo, na asipopokea, asimdhanie ubaya, bali aende akamtazame mikono yake. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia mbele ya haki, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuunga waliyoamrishwa kuyaunga. Amin.

Wassalaamu alaykum.