Je, Kamari Imeharimishwa kwa Hasara Yake?

Wengi wetu, tukiulizwa kwa nini kamari imeharimishwa, hukimbilia kujibu kwamba kamari hufilisi watu. Na jibu hili, ijapokuwa lina ushahidi katika kila mji, lina udhaifu unaodhihirika pindi mtu azisomapo kwa utulivu hesabu za mashine za Nevada, huko Marekani, ambako mchezo huu umehalalishwa na sheria ya jimbo tangu mwaka 1931.

Tuitazame poka ya video. Mchezaji huweka dau la sarafu moja hadi tano, hugawiwa karata tano, huzuia azitakazo na kubadilisha zilizosalia, nayo mashine humlipa kwa jedwali lililo wazi mbele ya macho yake. Safu ya juu ya jedwali hilo ni ya mkono wa kifalme, yaani ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi, zote za aina moja, kama vile shupaza au kopa, mkono ambao hauji ila takriban mara moja katika michezo 40,000. Mwenye kuweka sarafu moja hulipwa 250, mbili 500, tatu 750, nne 1,000. Walakini mwenye kuweka tano, ambaye kwa mwendo huo angestahiki 1,250, hulipwa 4,000. Kwa mruko huo mmoja tu, katika aina ya mchezo iliyo mashuhuri kwa ukarimu wake, marejesho ya mchezaji asiyekosea hupanda kutoka kiasi cha asilimia 98.4 hadi 99.5.

Basi washauri wa kamari husema: weka dau kamili, usidhulumiwe. Ni kweli, lakini ni kweli ya mashine, si ya mfuko. Kwani katika michezo mia moja, mwenye sarafu moja moja hupoteza kwa wastani sarafu moja na zaidi ya nusu, ilhali mwenye sarafu tano tano, aliyependelewa na jedwali, hupoteza mbili na ushei. Upande wa mashine za magurudumu hali ni nzito zaidi kwa fakiri: sheria ya Nevada inaruhusu marejesho kushuka hadi asilimia 75, na ripoti za serikali yenyewe zimeonyesha kwamba mashine za senti hubakiza sehemu kubwa ya dau kuliko zile za dola. Mnyonge huuziwa tumaini kwa bei ya juu kuliko tajiri, jambo ambalo, nikiri, haliko katika kasino peke yake.

Hata hapa bado tunazungumza hasara. Lakini pana mchezo mwingine, ambamo kila karata ya mbili husimama badala ya karata yoyote, na ambao kwa jedwali lake kamili na dau la sarafu tano humrudishia mchezaji asiyekosea asilimia 100.76. Je, hapo haramu imegeuka halali? Anayejenga hoja yake juu ya kufilisika hana budi kunyamaza, au aseme ndiyo. Aya ya 219 ya Sura ya Al-Baqara haikujiweka katika dhiki hiyo: imekiri kwamba kamari ina manufaa kwa watu, ndipo ikahukumu kuwa dhambi yake imezidi.

Tuulize, basi, ile ziada ya mshindi hutoka wapi. Mwenye kasino hakuiweka mashine hiyo kwa sadaka. Aliweza kuiweka kwa kuwa wachezaji walio wengi hukosea, wakaizuia karata ya kutupwa na kuitupa ya kuzuiwa, na makosa yao ndiyo yaliyomlipa yeye pamoja na yule hodari. Na ujira wenyewe ni haba: kwa sarafu za robo dola na michezo 500 kwa saa, hodari huyo hutarajia kupata chini ya dola 5, ilhali kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya shirikisho la Marekani ni dola 7.25. Yamkini atadai kwamba amefanya kazi, kwa kuwa amehifadhi hesabu na kuketi usiku kucha, na uchovu wake siupingi. Ninachomtaka anionyeshe ni kitu gani alichompa jirani yake wa kiti cha pili badala ya fedha alizozichukua.